Mali kauli, hati, na mtaji wa mtu mweusi

Mwezi uliopita nilikaa kwenye semina ya ujasiriamali katika ukumbi mmoja huko Sinza. Mkufunzi alikuwa kijana mzuri, msemaji, suti imemkaa. Katikati ya mada akasema jambo ambalo nimelisikia maisha yangu yote: tatizo la mtu mweusi si mtaji, ni fikra. Mhindi, akasema, anaanza na kiduka cha mita mbili na mjukuu wake anamiliki ghorofa. Sisi hela ikiingia tunafanya shughuli ya siku tatu, tunakodi turubai na muziki. Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Wengi waliokuwa wamekaa mle ni mama lishe na wauza vitumbua, watu wanaoamka saa tisa usiku kuwasha moto. Hao ndio wanaoambiwa hawana nidhamu.

Nilinyoosha mkono, muda wa maswali ukaisha. Basi namjibu hapa.

Mimi ninaendesha karakana ya samani Keko. Baba ndiye aliyeianzisha, alipofariki nikaishika. Tunatengeneza vitanda, makabati, meza za kulia; kwa mninga na mkongo mfuko wa mteja ukiruhusu, kwa paini usiporuhusu. Nimekulia kwenye vumbi la msasa na harufu ya vanishi, na ninachokijua kuhusu fedha nimejifunzia pale.

Nieleze kazi inavyokwenda. Mteja anakuja na picha kwenye simu, tunapatana bei, anatoa nusu ya malipo. Nusu hiyo haitoshi mbao, sponji, kitambaa, gundi, misumari na posho ya fundi. Basi naenda kwa mzee wa mbao, jirani yetu tangu enzi za baba. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mama Zuhura. Leo ngapi?" Anachagua mwenyewe, anaigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole asikie kama umekauka, kisha anafungua daftari lake lenye gamba gumu na kuandika: jina, idadi, urefu, tarehe. Mbao zinapakiwa kwenye guta. Hakuna riba wala dhamana. Mteja akimalizia malipo, nami namalizana na mzee, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu juu ya jina langu. Hiyo ndiyo mali kauli. Aliyeleta kontena kutoka China anampa mwenye duka Kariakoo, mwenye duka anampa machinga, machinga anarudisha hesabu jioni. Iondoe leo, kesho asubuhi nusu ya masoko ya Dar es Salaam hayatafunguliwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji, na mwaka 1931 ikaikaza. Kiini chake ni kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila masharti ya serikali kutimizwa, deni hilo halidaiki mahakamani. Walioitunga walisema wanamlinda mwenyeji asizame kwenye madeni. Lakini jiweke wewe kwenye nafasi ya mwenye ghala la nguo mwaka ule. Mbele yako wamesimama wateja wawili. Mmoja ni wa jamaa yako, akikukimbia utampeleka mahakamani. Mwingine ni Mzaramo mwenye kiduka Ilala, akikukimbia sheria inakwambia pole. Utampa nani robota la khanga? Hata kama Mzaramo yule unampenda kama mwanao, utamwambia alete fedha taslimu. Na fedha taslimu angeitoa wapi?

Sina ugomvi na Mhindi. Naye alibaguliwa na Mzungu mchana kweupe, na mali kauli yake aliifanyia kazi kwa jasho. Ninachosema ni kwamba bidhaa za mkopo zilitoka kwa mwagizaji bandarini, zikapita kwa mwenye ghala mpaka duka la mkoani, na zilipotakiwa kumfikia Mwafrika sheria ikaweka mguu mlangoni. Kisha watoto wa waliofungiwa mlango wanaambiwa hawajui biashara.

Na huyo Mwafrika wa mwaka 1923, jana yake ilikuwaje? Utumwa ulifutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mwaka mmoja kabla. Rudieni kuusoma mstari huo.

Kwetu pwani jambo hili halisemwi. Mama yake babu yangu aliletwa Kilwa akiwa mtoto, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Nilijua nikiwa mtu mzima. Posa ya binti ya shangazi ilirudishwa baada ya upande wa pili kuulizia asili yetu, na shangazi akaniambia kila kitu jikoni huku akipepeta mchele, bila kuniangalia. Hivyo ndivyo utumwa unavyoishi bado katika nyumba zetu, kama swali linaloulizwa chini chini kabla ya mahari.

Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mkupuo. Mwaka 1901 waliweka utaratibu wa mtumwa kujikomboa kwa kulipa, na waliozaliwa baada ya mwaka 1905 ndio waliohesabiwa huru. Bibi yule, mama wa babu yangu, alisuka mikeka ya ukindu na kuiuza, sehemu ya bwana wake ikitoka kwanza, na kilichobaki alikiweka mpaka akajinunua. Pwani mtumwa aliweza kufanya biashara, wengine walikwenda bara na misafara na kurudi na mali. Akifa, alichoacha kilikuwa cha bwana wake. Hakuna mtoto aliyekirithi.

Piga hesabu hiyo kama mfanyabiashara. Akiba yote ya ujana wake, ambayo jirani yake muungwana, asiyekuwa mtumwa, alinunulia minazi au kiwanja, yeye aliinunulia mwili wake mwenyewe. Siku aliyokuwa huru alianza upya bila kitu. Zanzibar nako, amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa iliweka fidia, na waliolipwa ni mabwana. Waingereza walikuwa wameshafanya hivyo katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833: pauni milioni 20 kwa waliopoteza watumwa, na waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Atakayesema bibi yule hakuwa na nidhamu ya akiba, aje Keko tuongee.

Kisha ikaja ardhi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliligawa jiji hili: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi patenganishe. Babu alijenga Kariakoo nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, akapangisha vyumba vinne. Kwa wakati ule huo ulikuwa utajiri. Lakini alikaa kwa kulipa kodi ya kiwanja. Hati ya miaka mingi kama ya wenye maghala ya mawe hakupewa. Nyumba ya miti na udongo juu ya kiwanja cha kodi, benki gani ingeipokea? Kwa hiyo ile nyumba iliwalisha watu na kuwasomesha, lakini haikuweza kuzaa biashara ya pili.

Nami nilipotaka kununua mashine kubwa ya kuranda, nilikwenda benki moja mjini. Nilibeba karatasi ya mauziano ya kiwanja cha Mbagala yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Yule afisa, binti mpole kabisa, aliisoma yote, akairudisha juu ya meza. "Mama, hati iko wapi?" Nikamweleza habari ya daftari la mzee wa mbao, miaka yote ile ya mistari myekundu. Akasema anaelewa, ila mfumo haulitambui. Nilitoka pale nikiwa sina hasira naye hata kidogo. Swali lake lilitungwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Mteja wangu mmoja ni Mmarekani mweusi aliyehamia upande wa Bagamoyo. Alikuja kuagiza meza ya watu kumi, mvua ikamzuia, tukakaa kwenye benchi la fundi. Nilipomsimulia habari za Uzunguni na Uswahilini, alichukua penseli ya fundi akaanza kuchora kwenye kipande cha ubao. Ilikuwa Chicago, mji wa babu yake. Miaka ya 1930 shirika la serikali yao lilitengeneza ramani za miji na kuipaka mitaa rangi, kuanzia kijani kwa mitaa salama kukopesha mpaka nyekundu kwa ile ya hatari. Mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu. Babu yake alirudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia, sheria ya mwaka 1944 ikiwaahidi wanajeshi mikopo ya nyumba yenye udhamini wa serikali. Udhamini ulikuwepo, ila mkopo wenyewe ulitoka benki, na benki haikukopesha mtaa mwekundu. Akapanga mpaka akafa. Ule ubao ninao, umeegemea ukuta wa ofisi.

Yeye ndiye aliyenitia hamu ya kusoma historia yao. Mwaka 1865, vita ya utumwa ikiisha, Marekani ilifunguliwa benki ya akiba kwa ajili ya walioachwa huru. Watu waliotoka shambani jana walipeleka senti zao. Mwaka 1874 benki ikaanguka, wasimamizi wakiwa wamezikopesha fedha zile kwa watu wasiolipa na kuzitia kwenye biashara za kubahatisha, na zaidi ya watu 61,000 wakabaki na vitabu vya akiba visivyo na fedha. Zaidi ya watu 61,000 walikuwa wameweka akiba! Nidhamu gani nyingine inatafutwa? Halafu Greenwood, mtaa wa biashara wa weusi katika mji wa Tulsa, Oklahoma, uliokuwa na hoteli, maduka, majumba ya sinema na magazeti yake: tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 umati wa Wazungu uliuchoma, vitalu vipatavyo 35. Kampuni za bima zikakataa kulipa kwa kuwa zilikuwa ghasia. Waliofanya kila kitu ambacho mkufunzi wangu anakihubiri walikiona kikiteketea kwa saa chache.

Ninayempenda zaidi katika habari zao ni Maggie Lena Walker. Mama yake alikuwa mtumwa, baadaye akawa dobi, na Maggie akiwa mtoto alikuwa akibeba nguo za wateja. Mwaka 1903, huko Richmond, Virginia, alifungua benki iliyotokana na chama cha kusaidiana, watu wakiweka sentisenti. Nilipomsoma niliona kikoba chetu: Ijumaa jioni, hisa zinahesabiwa mezani mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti. Kikoba kimenitoa kwenye mikono ya kausha damu, wale wanaokukopesha laki asubuhi na kuanza kukuhesabia riba kabla jua halijazama. Nawaonea uchungu wenzangu ambao bado wamo.

Na hapa hapa Dar es Salaam tulikuwa na Erica Fiah. Alitoka Uganda, akawa muuza duka wa kawaida. Mwaka 1934 alianzisha chama cha Waafrika cha ustawi na biashara, na mwaka 1937 akaanza gazeti lake, Kwetu. Muuza duka, katikati ya sheria ile ya mikopo, akichapisha gazeti! Sijawahi kumsikia akitajwa kwenye semina yoyote. Wanaotajwa ni matajiri wa Marekani walioanzia gereji, kana kwamba kila mtu alikuwa na gereji.

Sitaki kuyaweka yote kwa Mzungu. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe iliendesha operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Namheshimu Mwalimu kwa moyo wote, na nia ilikuwa usawa. Lakini mjomba wangu ndiye aliyefunga duka. Mtaji aliokuwa ameukusanya kwa shida akaula na wanawe, na alipokuja kuruhusiwa tena alikuwa mzee.

Kwa hiyo mkufunzi, mwanangu, nakuomba ukiitwa tena Sinza uanze na mwaka 1922 na 1923. Waambie mama zako wale kwamba wametoka kwa watu waliojinunua kwa mikeka. Kisha wafundishe kutunza hesabu, hilo ni la maana na ulilieleza vizuri.

Kiwanja cha Mbagala kimeshapimwa kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima makazi ili watu wapate hati. Mawe yamepandwa, namba imetoka, zimebaki ada, na ada zitatoka kwenye mkopo wangu wa kikoba zamu ikifika. Nikipata hati nitarudi benki ile ile kwa ajili ya mashine. Nitakwenda pia na nakala ya kurasa za mzee wa mbao, amekubali nizipige picha zote, kwa sababu nataka mtu mwenye cheo pale anieleze kwa nini rekodi ya mkopaji asiyekosa kulipa haina thamani. Fundi, mama lishe au mwenye duka unayesoma hapa: kama jina lako limo kwenye daftari la mtu na limepigwa mstari, omba ruhusa, piga picha, niandikie. Nikienda nisiende na la kwangu peke yake.