Wafaransa wa Mauritius: fuata shamba, achana na jina

Jina la ukoo la Kifaransa kule Mauritius halithibitishi kwamba mtu ni mzungu wa asili ya Kifaransa. Wakrioli wengi, wajukuu wa watumwa, nao wanayo majina ya aina hiyo. Sensa ndiyo kabisa haisaidii: katiba inawataja Wahindu, Waislamu na Wachina, kisha waliobaki wote wanatiwa kundi moja, Mkrioli na mzungu pamoja. Tena baada ya ile ya 1972, sensa haiulizi mtu ni wa jamii gani. Kwa hiyo ile asilimia 2 ya wakazi inayotajwa kila mahali kuwa ndio Wafaransa hawa ni makadirio tu.

Ukitaka kuwaelewa, anza na ardhi. Waingereza walipokiteka kisiwa Desemba 1810, masharti ya kusalimu amri yaliwaachia walowezi wa Kifaransa mali, dini na sheria zao. Utumwa ulipokomeshwa 1835, fidia ya zaidi ya pauni milioni 2 ilikwenda kwa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti.

Ila sheria waliyoachiwa ina mtego. Kwa sheria ya Napoleon, yaani sheria ya kiraia ya Ufaransa, baba hawezi kumrithisha amtakaye kila kitu. Akiwa na mtoto mmoja, nusu ya mali ni haki ya mtoto huyo. Wakiwa wawili, theluthi mbili. Watatu na kuendelea, robo tatu. Piga hesabu: arpenti 600 (arpenti moja ni kama hekta 0.42) zikigawiwa sawasawa watoto sita, kila mmoja ana 100. Naye akiwa na wanne, mjukuu anabaki na 25. Kwa kipande hicho huwezi kulisha kiwanda cha sukari.

Dawa yake ni kampuni. Ardhi inaandikwa kwa jina la kampuni, warithi wanagawana hisa, shamba la miwa halikatwi vipande. Ugomvi wa mipaka unageuka ugomvi wa gawio: binamu aliyehamia Australia au Afrika Kusini anataka fedha zake, anayesimamia shamba anataka mtambo mpya. Bei ya sukari Ulaya iliposhushwa kwa asilimia 36 kuanzia 2006, viwanda viliunganishwa na mashamba mengine yakageuzwa majumba ya kuuzia wageni.

Ufukweni mambo ni mengine. Ukanda wa mita 81.21 kutoka maji yanapofika yakijaa ni mali ya serikali, haununuliki. Zile nyumba za mapumziko za familia kongwe, wanazoziita campement, nyingi zimesimama juu ya ardhi ya kukodi. Ukiuziwa moja, uliza kwanza mkataba umebakiza miaka mingapi.