Nilivyofuatilia ukoo wa babu wa mume wangu hadi kwenye utumwa Kentucky

Mume wangu ni Mmarekani mweusi. Kwao ukoo ulikuwa unaishia kwa babu wa babu yake, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Kentucky. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kitu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwa mabibi wanaokutajia mababu hata hujawauliza, nikaona hapana, huyu lazima nimtafute.

Nilianza na sensa, nikirudi nyuma kutoka ya 1940. Ya 1890 usijisumbue, karibu yote iliharibika kwa moto Washington mwaka 1921. Ya 1880 ndiyo tamu: inaonyesha kila mtu ni nani kwa mwenye nyumba, na wazazi wake walizaliwa wapi. Mama yake babu alizaliwa jimbo la Virginia. Ya 1870 yumo pia. Kabla ya hapo, basi. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zinataja jina la bwana aliyewamiliki tu, watu wake wameandikwa umri, jinsia na rangi. Mwanamume, 15, mweusi. Atakuwa nani huyo?

Watu wakaniambia nipime DNA. Itakupa binamu, haikupi jina la babu.

Umri wake ndio ulionipa wazo la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Watumwa wengi wa Kentucky walijiandikisha jeshini kwenye kambi ya Camp Nelson, kwa sababu askari alipata uhuru wake, na kuanzia Machi 1865 sheria ikawapa uhuru mke na watoto wake pia. Kwenye orodha za vikosi vya weusi sikumwona. Nikageukia faharasa ya pensheni za askari wa vita hivyo na wajane wao, nikatafuta kwa jina la mkewe. Kadi ikatoka, na mume ana majina mawili ya ukoo!

Nikalipia nakala ya faili kutoka Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa, na ndoa za watumwa hazikuwa na cheti, kwa hiyo wazee waliotumikishwa naye waliitwa kutoa ushahidi. Karani ana mwandiko wa kuku, lakini maneno yapo: mumewe aliingia jeshini kwa jina la bwana wake, vita vilipokwisha akachukua la baba yake, mtumwa wa shamba la jirani. Chini mjane kaweka alama ya X.

Hapo nikawa na jina la baba na mabwana wawili. Kazi ikahamia kwenye mirathi ya mabwana, mahakama ya kaunti, kwani watumwa walihesabiwa kama mali. Katika orodha ya mali ya bwana wa kwanza nikamkuta mama yake babu, kwa jina moja tu, na mtoto wake, kati ya ng'ombe na majembe, bei pembeni. Nilimpigia mama mkwe, nikamsomea mstari ule. Akasema, "Soma tena."

Wosia unasema bwana yule alimpata mama huyo kwa baba mkwe wake wa Virginia. Kwa hiyo sasa natafuta mirathi ya huyo baba mkwe, na mawifi zangu hawaachi kuniuliza nimefika wapi.