Siku moja maishani mwangu: mkereza vyuma wa Iyunga na ndege ya kivita ya India

Saa kumi na mbili asubuhi

Juni ya Mbeya haina mchezo. Mlima Loleza umefunikwa na ukungu, maji ya bomba yanauma vidole, na bajaji ya kutoka Mwanjelwa imejaa watu waliojifunga vitenge mpaka masikioni. Nakunywa chai ya tangawizi kwa mama lishe, maandazi naweka kwenye mfuko, naelekea Iyunga.

Ninakereza vyuma. Shafti za mashine za kusaga, bushi za malori, puli, vipuri vya pawatila, kila kitu ambacho mteja amezunguka maduka yote ya Kabwe akakikosa. Wateja wananiita dada fundi. Vijana wawili ninaowafundisha wananiita Fundi basi.

Saa moja

Kwa baridi hii hatuanzi kazi papo hapo. Mashine inawashwa ikazunguka bila mzigo mpaka mafuta yapande kwenye gia. Ni mashine ya zamani kutoka India, na ubavuni ina kibao cha shaba kilichoandikwa Batala, mji wa Punjab wenye sifa ya kuyeyusha na kukereza vyuma. Karakana nyingi ninazozijua zina mashine ya aina hii. Ukipita mkono juu ya reli zake unasikia mahali zilipolika kwa miaka, lakini ukiijua tabia yake inakupa kipimo.

Nchi iliyotuletea mashine hii sasa inataka kutengeneza ndege yake ya kivita ya kizazi cha tano. Inaitwa AMCA: tani 25 hivi, injini mbili, rubani mmoja, silaha zinawekwa ndani ya tumbo ili rada isiione kirahisi. Machi 2024 kamati ya usalama ya baraza la mawaziri la India iliidhinisha rupia bilioni 150 kwa ajili ya kuibuni na kujenga ndege tano za majaribio. Mradi huu naufuatilia kama wengine wanavyofuatilia ligi, na sababu yangu ni ya kifundi. Nataka kuona watu wanaofanya kazi yenye undugu na yangu watafika wapi.

Saa mbili

Kazi ya kwanza ni shafti ya mashine ya kusaga kutoka Mbozi. Mteja hakuleta chuma kipya, ameleta eksli ya Fuso iliyokatika. Ndivyo tunavyofanya wote huku. Eksli ni chuma kizuri, kigumu, kimevumilia mizigo ya mahindi miaka na miaka. Tatizo lake ni kwamba hakina cheti. Sijui kina kaboni kiasi gani, sijui kina kromu au hakina. Nagusa kwanza kwa jiwe la kusagia, naangalia cheche zinavyoruka, ndipo naamua kisu gani na mwendo gani.

Sehemu ya kukalia beringi inatakiwa iwe milimita 40. Ikizidi kwa upana wa nusu unywele, beringi haiingii au inaingia ikiwa imebanwa na itaungua. Ikipungua kiasi hicho hicho, beringi itazunguka juu ya shafti na kuila. Kijana wangu mdogo anapima kwa maikromita, nami napima baada yake. Leo vipimo vyetu vimelingana, nikamwachia pasi ya mwisho aipitishe mwenyewe. Mkono ulikuwa unatetemeka, ila uso wa chuma ulitoka laini, unang'aa.

Saa nne

Umeme umekatika. Maandazi yakatoka kwenye mfuko, simu zikatoka mifukoni. Yule mkubwa ananionyesha video ya AMCA ikiwa imesimama kwenye maonyesho ya Bengaluru, watu wamejaa wanapiga picha.

"Fundi, hii imeshaanza kuruka?"

Nikamwambia bado. Ile ya Februari 2025 ni modeli ya ukubwa kamili, haina moyo ndani. Akataka kujua moyo wake unatoka wapi, na hapo ndipo penye mambo.

Ndege za kwanza za AMCA zitatumia injini ya Marekani, F414 ya General Electric. Baadaye India inataka kutengeneza na Wafaransa wa Safran injini yenye msukumo wa kilonyutoni 120. Kwa nini wasitumie ya kwao? Walijaribu. Mradi wa injini ya Kaveri uliidhinishwa mwaka 1989 ili iendeshe ndege yao nyepesi ya Tejas. Lengo lilikuwa kilonyutoni 81, injini ikaishia kwenye 70 na kitu, tena ikiwa nzito kuliko ilivyopangwa. Mwaka 2008 ikatenganishwa na Tejas. Gharama zilianza kwenye rupia bilioni 3.8 zikavuka 28. Tejas yenyewe iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Januari 2001 kwa injini ya Marekani, na mpaka leo inategemea hiyo hiyo. Februari 2021 jeshi la anga la India liliagiza Tejas 83 za toleo jipya. Injini zake zikachelewa, ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2025. Kwa muda wote huo viwanda vyao vilikuwa vinajenga miili ya ndege ikisubiri mzigo kutoka ng'ambo.

Vijana wakashangaa: watu walioshusha chombo mwezini washindwe injini?

Nikachukua chaki nikachora chini, kwenye sakafu. Injini ya ndege ya kivita inavuta hewa, inaibana, inachanganya na mafuta, inawasha, na moto unapotoka unapiga mapanga ya turbaini yanayozungusha mbele yote. Ile gesi inapita nyuzi 1,400. Aloi ya nikeli ambayo panga limetengenezwa nayo huanza kuyeyuka chini ya hapo. Yaani lile panga linafanya kazi ndani ya moto ambao ungeliyeyusha, huku linazunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuvutwa kwa nguvu kubwa kutoka kwenye mzizi wake. Haliyeyuki kwa sababu lina njia ndogondogo za hewa ndani, hewa inatoka kwenye vitundu na kulifunika kama ngozi. Na halirefuki wala kupasuka upesi kwa sababu limemiminwa likawa fuwele moja, halina ile mipaka kati ya punje na punje ambako chuma cha kawaida huanza kuachia.

Yule mdogo akainua kipande cha eksli kilichokatika, akaangalia ndani, kule kwenye mkatiko. Punje zinaonekana kwa macho, zinametameta. Akasema, "Kwa hiyo panga zima ni punje moja?" Nikamwambia ndiyo. Panga zima, kutoka mzizini mpaka nchani. Alikaa na kile kipande mkononi mpaka umeme uliporudi.

Nchi zinazoweza kazi hiyo hazijai vidole vya mikono miwili. India nayo imeingia. Aprili 2021 maabara ya vyuma ya DMRL ya Hyderabad ilikabidhi kampuni ya kuunda ndege ya HAL mapanga 60 ya fuwele moja kwa ajili ya injini ya helikopta. Habari ile haikupigiwa kelele kama modeli ya maonyesho, lakini mimi nikiulizwa kama India itafika, hayo mapanga 60 ndiyo ninayoyataja kwanza.

Saa saba

Wali maharage, mboga za majani. Kazi inaendelea: bushi za lori la viazi la Uporoto, haraka haraka, dereva amesimama mlangoni.

Saa nane

Leo ni siku ya mzee wetu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kiwanda cha zana, sasa amestaafu, na tumekubaliana awe anakuja kuwafundisha vijana namna ya kukaza chuma kwa moto. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, makaa yameshika?" Yameshika.

Anachukua kisu cha kukerezea tulichokichonga wenyewe, anakipasha mpaka kinakuwa chekundu cha kuiva, anakitumbukiza kwenye oili. Sauti inatoka, moshi unapanda. Sasa kisu ni kigumu kama kioo na kitavunjika kama kioo, kwa hiyo lazima kirudishiwe moto kidogo. Anakisugua upande mmoja kwa msasa mpaka unang'aa, anakiweka juu ya chuma cha moto, na anawaambia vijana wasipepese macho. Rangi zinaanza kutembea kutoka nyuma kwenda mbele: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Njano ikifika kwenye ncha anakirudisha kwenye oili. Kwa kisu cha kukereza ni njano. Kwa patasi ungeingoja zambarau. Kwa springi bluu.

Hana kipimajoto. Anayo macho, na macho hayo yalifundishwa na fundi mwingine aliyesimama nyuma yake kwenye makaa kama haya. Panga la turbaini haliwezi kutengenezwa kwa macho, hilo nalijua vizuri, linataka tanuru la ombwe, lisilo na hewa ndani, na vipimo vya maabara. Lakini kuna mtu anayeendesha tanuru lile, na huyo naye kuna aliyemfundisha.

Tukiwa tunasubiri kisu kipoe, mzee akakumbuka Nyumbu. Vijana hawakujua kwamba Tanzania ilishatengeneza lori lake yenyewe, pale Kibaha, chini ya jeshi, kwenye miaka ya 1980. Mzee anawajua waliochonga vipuri vyake. Wengine wamekufa, wengine wanalima, mmoja anauza duka.

Ndipo nikawasimulia Misri, maana wengi wanadhani Afrika haijawahi kugusa mambo haya. Pale Helwan, kusini mwa Cairo, Misri iliunda ndege ya kivita ya HA-300, mbunifu wake Willy Messerschmitt wa Ujerumani. Iliruka tarehe 7 Machi 1964, na rubani alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Injini yake, E-300, ilikuwa inatengenezwa hapo hapo chini ya Ferdinand Brandner. India ilichangia, kwa sababu nayo ilikuwa na ndege yake ya Marut, iliyoruka mwaka 1961 na kukosa injini yenye nguvu ya kutosha. Misri ikawa inajenga injini, India ina mwili. Baada ya vita vya 1967 fedha zikawa ngumu, na mwaka 1969 mradi ukafungwa. Ndege moja imebaki, iko kwenye jumba la makumbusho Ujerumani. Sio Misri.

Hili linaniuma kila nikilifikiria. India ilipoachwa na Marut yenye injini dhaifu ilivunjika moyo pia, ikakaa miaka, lakini wahandisi na mafundi wake walibaki mezani. Mwaka 1983 wakaanza Tejas. Tejas ikawachukua zaidi ya miaka 30 kuingia kikosini, magazeti yao wenyewe yakawasema. Kaveri iliyofeli iliwaachia watu waliowahi kuona panga linapasuka na wakajua limepasuka kwa nini. Ukifunga karakana unawapoteza hao, na hakuna bajeti inayowarudisha kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo naona India ina haki ya kuendelea na AMCA hata ikichelewa, na wanaosema wangenunua tu za nje wakapumzika hawajawahi kusubiri kipuri.

Saa kumi na moja jioni

Mteja wa Mbozi amekuja na mkewe. Tukaingiza beringi mbele yao. Iliingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao, ikakaa. Mama akazungusha shafti kwa kidole, akatabasamu, akatoa hela.

Walikuja kwa lifti ya jirani yao wa Songwe, tukazungumza naye habari za Panda Hill, kile kilima chenye madini ya niobiamu hapo magharibi ya jiji. Miaka ya 1950 tayari watu walishachoronga kupima. Nikamweleza yule jirani kwamba niobiamu ndiyo inayowekwa kwenye aloi inayoitwa Inconel 718, kiasi cha asilimia 5 hivi, na aloi hiyo ndiyo inayotengeneza disiki za ndani ya injini za ndege duniani kote. Nikeli yake ipo Kabanga, Ngara. Akaniangalia sana. "Yaani injini ya ndege ya kivita ina vitu vya kwetu?" Kwa sasa niobiamu nyingi ya dunia inatoka Brazili. Ya kwetu ipo ardhini, na siku ikichimbwa nataka Mbeya iwe na watu wanaojua kuiyeyusha na kuikereza, tusiishie kupakia magunia kwenda Dar. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, vijana wakisikia.

Saa tatu usiku

Nimekula, miguu iko kwenye maji ya moto. Nina daftari ninaloandika maneno ya mzee: rangi gani kwa kazi gani, oili gani, chuma kipi kinapasuka kikitumbukizwa kwenye maji. Leo nimeongeza ukurasa wa njano ya majani makavu, na yule kijana mkubwa amenitumia picha alizopiga rangi zikitembea, tutazibandika pembeni.

AMCA inatarajiwa kuingia jeshini katikati ya miaka ya 2030. Vijana wangu watakuwa na miaka thelathini na kitu, umri mzuri wa fundi. Wewe unayesoma hapa, kama baba yako au mjomba wako alikuwa Nyumbu, au kwenye karakana za reli, au kiwanda chochote cha vyuma huku nyanda za juu, nenda naye ukae, umuulize alikuwa anafanya nini kwa mikono yake, uandike. Akikubali kuja Iyunga kufundisha, nauli nitatoa mimi.