Folda za barua pepe: anza na chache

Kikasha kikijaa barua elfu kadhaa, ofisi nyingi ndogo za maeneo ya Posta na Kariakoo, Dar es Salaam, hukimbilia kufungua folda 40 kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Wiki mbili baadaye hutakumbuka barua uliiweka folda ipi. Anza na 5 au 6, na uzipange kwa kazi badala ya majina ya watu: karani huhama, mteja hubadili anwani, ila ankara hubaki ankara.

Kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua folda mpya, andika jina. Tanguliza namba ili mpangilio uwe wako: 01 Kodi, 02 Bandari, 03 Wateja. Andika 01 wala si 1, maana kuna programu zinazoiweka 10 juu ya 2. Epuka mkwaju (/) kwenye jina. Ukiandika “Kodi/VAT” (VAT ni kodi ya ongezeko la thamani) kwenye Gmail, unaweza kupata VAT iliyojificha ndani ya Kodi.

Gmail yenyewe haina folda, ina lebo. Barua moja hubeba lebo tatu bila kunakiliwa, na ukifuta lebo barua zinabaki. Kwenye Thunderbird ukifuta folda, umeiondoa pamoja na barua zake, kwa hiyo usizoee mkono wa Gmail huko.

Kabla ya yote, angalia akaunti imeunganishwa kwa IMAP (barua na folda hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma) au POP (barua hushushwa kwenye kompyuta yako). Kwa POP, folda ulizotengeneza zinakaa kwenye kompyuta ile tu: simu haizioni, na diski ikifa zimekwenda nayo.

Panapoumiza zaidi ni kwenye vichujio, yaani maagizo yanayopanga barua zenyewe zinapoingia. Watu huagiza kila barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) iruke kikasha iende moja kwa moja 01 Kodi, halafu hakuna anayeifungua folda hiyo mpaka tarehe 20 ya ritani ya VAT imepita. Barua yenye tarehe ya mwisho ipe lebo, ila iache kikashani mpaka ishughulikiwe. Kinachofaa kuruka ni matangazo na risiti za LUKU (umeme wa kulipia kabla).

Na kama kichujio kiko kwenye seva, Thunderbird kwa kawaida hukagua kikasha peke yake. Bofya kulia kwenye folda, fungua sifa zake, kisha weka tiki pale panaposema ikaguliwe kila barua mpya zinapopokelewa. Bila tiki hiyo, barua inaweza kukaa humo siku nzima bila folda kuonyesha kuwa kuna kipya.