Babu kaniuliza sauti

"Sauti yake ilikuwaje?" Tangu Jumanne usiku swali hili la Babu halijanitoka. Nafua, lipo. Napanda daladala, lipo. Wiki ilikuwa na mambo yake: msimamizi kaipitisha sura ya pili ya tasnifu yangu, wifi kajifungua salama mtoto wa kiume. Lakini nikishika kalamu, linalokuja ni la Babu.

Mnajua Kijerumani nilikianza kwa ajili ya majalada. Pale Nyaraka za Taifa, Dar, mengi ya enzi ya Mjerumani yameandikwa kwa ule mwandiko wa mkono wa zamani, Kurrent, ambamo herufi e inafanana na n, na u unaitambua kwa kikonyo kilichochorwa juu yake. Huo nimeshauzoea. Ukurasa ambao mwaka jana ulinila asubuhi nzima, sasa naumaliza kabla ya chai ya saa nne. Kusikiliza ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Karatasi inakusubiri, mtu anayesema hakusubiri. Kitenzi mara nyingi anakiweka mwisho kabisa, na mpaka akitamke wewe maneno ya mwanzo yameshakuponyoka, naye yuko sentensi nyingine.

Jumanne nilikuwa mtandaoni nikisikiliza mhadhara wa chuo kimoja cha Ujerumani juu ya Vita vya Maji Maji. Mzungumzaji akafika Songea, 27 Februari 1906, akataja idadi ya walionyongwa na Wajerumani. Wajerumani wakitaja 67 huanza na saba ndipo waje kwenye sitini, na hapo huwa nachelewa kila mara. Safari hii ilinifikia nzima: siebenundsechzig. Kitenzi cha mwisho nacho nikakidaka. Sentensi nzima, kwa masikio yangu, bila maandishi chini ya kioo! Nikajikuta nimesimama.

Nikampigia Babu palepale.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mke wangu. Mbona usiku, kuna usalama?"

"Salama kabisa. Nimemsikia Mjerumani anawataja wazee wetu wa Songea, kwa lugha yake, na nimemwelewa."

Akanyamaza kidogo. "Sauti yake ilikuwaje?"

"Sauti?"

"Alipowataja. Sauti yake ilikuwaje?"

"Sikuifuata sauti, Babu. Nilikuwa nafuata maneno."

"Haya," akasema. Kisha akauliza kama watoto wamekula.

Hiyo "haya" ndiyo inayonichoma. Hakunigombeza, wala hakuonekana kuudhika. Ni "haya" ya mtu aliyenyoosha mkono, akaona alichokitaka hakipo, akaurudisha taratibu.

Jumatano nzima nilikuwa mzito, hata baba watoto akauliza kulikoni. Mpaka nikakumbuka Novemba 2023. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea kuomba radhi, Babu, ambaye hakosi 27 Februari hata moja pale Makumbusho ya Maji Maji, alikuwa kitandani na homa. Aliyasikia yote redioni, kwa Kiswahili cha mtangazaji. Maneno anayo. Maisha yake yote maneno ya Wajerumani yamemfikia kupitia kinywa cha mtu mwingine. Sauti yenyewe ndiyo haijamfikia.

Mhadhara ulirekodiwa. Alhamisi watoto walipolala nikavaa spika za masikioni, nikarudi pale pale. Maneno nikayaacha yapite, nimeshayajua. Tarehe anaitaja haraka. Halafu anasita, karatasi inasikika ikigeuzwa. Idadi anaitamka chini kuliko mwaka, na baada yake kuna kimya kabla hajaendelea. Nimerudia na kurudia. Ni uchungu? Au alikuwa anatafuta mstari wake? Siwezi kusema, kwa sababu sauti ya Mjerumani mwenye majonzi siijui. Ninaowajua ni wale wa mazoezi ya kozi, wananunua mkate na kuulizia treni.

Basi nimejiongezea somo ambalo msimamizi hakunipa. Usiku, vyombo vikishaoshwa, nafungua Deutschlandfunk, redio ya Ujerumani, na kutafuta vipindi ambamo watu wazima wanasimulia maisha yao, wazazi waliowazika, nyumba walizozihama. Sichukui maelezo. Nasikiliza wanaposhusha pumzi. Na nimefurahi kwa namna ambayo hata sura kupita haikunifurahisha. Naona sasa ndiyo naanza kujifunza lugha hii. Jumapili nikimpigia Babu nitamwekea kile kipande kwenye simu, asikie mwenyewe. Kijerumani hajui, lakini misiba aliyohudhuria ni mingi kuliko umri wangu.

Mbali na Kijerumani, kuna hili la kisima nyumbani. Jirani wa upande wa juu ameanza kuchimba choo cha shimo, na kwa macho tu naona ni karibu mno na kisima chetu. Baba watoto anasema tungoje mwenyewe arudi safari tuzungumze naye kiungwana. Mafundi hawangoji. Leo jioni fundi alikuwa ameshazama shimoni mpaka kichwa hakionekani, na mvua ndizo hizi zinakaribia.