Namna Nilivyoingia Chuo Kikuu Kusoma Kijapani Nikiwa Tayari na Shahada ya Ualimu

Nilipotaka kusoma Kijapani, ushauri ulionisumbua zaidi ulitoka kwa watu walionitakia mema, na karibu wote waliutoa kwa sauti ya mtu anayejua: kwamba aliyekwisha kupata shahada moja, akitaka kusoma lugha nyingine chuoni, hana budi kuanza upya mwaka wa kwanza, akae darasani na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, na alipe karo yote kutoka mfukoni mwake. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, niliyoipata Chuo Kikuu cha Maseno. Nilikuwa nikifundisha kwa mkataba wa BOM, yaani bodi ya shule, katika shule moja ya upili nje ya mji wa Kisumu, nikingoja kuajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, kama wenzangu wote, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wa hiyo shahada ya kwanza ulikuwa bado unanidai. Nilipopiga hesabu ya karo ya mwanafunzi anayejilipia, pamoja na kodi ya chumba Nairobi, niliona kwamba mshahara wangu usingetosha hata nauli na chakula.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu, ambaye hutoa ushauri kabla hajaombwa, aliniletea habari ya udhamini wa serikali ya Japani kwa wanafunzi wa lugha na utamaduni wa Kijapani, akanihakikishia kwamba huo ndio wangu. Nilikusanya karatasi, nikasafiri usiku kwenda Nairobi, na kule nikaelezwa kwa upole kwamba udhamini huo ni wa watu ambao bado wanasoma shahada ya kwanza nje ya Japani, tena wanaosomea Kijapani chenyewe. Aliyehitimu hahusiki. Mwenzangu alipoulizwa baadaye alisema alikuwa ameona kichwa cha habari tu.

Baada ya huyo akaja wakala, mwenye ofisi ya vioo mjini na kalenda ya mlima Fuji ukutani, aliyetaka malipo ya kwanza ili anipeleke shule ya lugha kule kule Japani. Aliniambia kwamba ningefanya kazi usiku na mchana na kurudisha fedha zote katika miezi michache. Hakunieleza kwamba mwenye viza ya mwanafunzi huhitaji kibali maalumu ili afanye kibarua, na kwamba hata akikipata haruhusiwi kuzidisha saa 28 kwa wiki katika muhula wa masomo. Jambo hili si siri, kila mwanafunzi aliyeko huko analijua, na mtu atakayekuuzia safari bila kulitaja anakuficha mengine pia. Nilimwambia mama kwamba nimeghairi, naye akafurahi sana, kwa kuwa ng'ombe aliyekuwa auzwe ni wake.

Mlango nilioupitia ulikuwa wazi muda wote, isipokuwa jina lake linawatisha watu: udhamini wa wanafunzi wa utafiti, unaotolewa na Wizara ya Elimu ya Japani, MEXT, kupitia ubalozi. Wengi husikia neno utafiti wakadhani ni wa madaktari na wahandisi. Ukweli ni kwamba sharti lake kubwa ni shahada ya kwanza, yaani kile kitu ambacho kila mtu alikuwa akiniambia kimenifungia njia. Umri nao uwe chini ya miaka 35. Anayekubaliwa hulipiwa karo na tiketi ya ndege, hupewa posho ya kila mwezi, na kama Kijapani chake bado ni kichanga, huanza kwa mafunzo ya lugha ya miezi sita chuoni. Kisha anaweza kufanya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili.

Kuna kifungu kimoja, hata hivyo, ambacho nadhani ndicho huwaangusha wengi: somo unaloomba liwe lile ulilosomea au linalokaribiana nalo. Mwenye shahada ya biashara hawezi kuandika tu kwamba anakipenda Kijapani. Nililala na kifungu hicho kichwani kwa majuma, hadi siku moja nilipokuwa nikila samaki katika ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Viktoria. Nilikuwa nimetoka kufundisha upatanisho wa kisarufi, na mwanafunzi mmoja mkorofi alikuwa ameniuliza kwa nini tunasema samaki huyu hata akiwa amekaangwa, amewekwa kwenye sahani na ugali umepungua nusu, kana kwamba anaweza kuinuka aende zake. Jibu la darasani nilikuwa nalo, kwamba viumbe hubaki na upatanisho wa viumbe. Lakini nilikuwa nimeanza kusoma vitabu vya Kijapani, na nilijua kwamba Wajapani hawana ngeli kama zetu ila wana viambishi vya kuhesabia, hivi kwamba samaki kama mnyama huhesabiwa kwa kiambishi kiitwacho hiki, samaki bapa sokoni akahesabiwa kwa mai kama karatasi, na mwembamba mrefu akahesabiwa kwa hon kama kalamu. Sisi tunauliza kama kitu kina uhai au kiliwahi kuwa nao. Wao hutazama umbo lake. Hapo hapo niliomba kalamu kwa mhudumu nikaanza kuandika mpango wa utafiti nyuma ya karatasi ya malipo, na shahada yangu ya Kiswahili, ambayo watu walikuwa wakiihesabu kama mzigo, ikawa ndiyo hoja yenyewe.

Mpango huo ulihitaji mtu anayekijua Kijapani angalau kwa kiasi, na sikuwa na mwalimu wa Kijapani karibu nami. Hiragana na katakana, zile herufi za sauti za Kijapani, nilizikariri kwa njia ya kawaida, herufi 46 za msingi kila upande, na matamshi hayakunisumbua kwa sababu irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, kama zetu. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kusoma kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, na kusikiliza. Wanaokushauri ununue programu za simu za kulipia kila mwezi wamesahau kwamba Kenya imejaa vitu vya kusoma vya Kijapani visivyolipiwa chochote, navyo vina magurudumu manne: magari ya mitumba yaliyotoka Japani.

Kila asubuhi nilipanda Probox, gari dogo la Toyota, iliyokuwa ikibeba abiria kuelekea mji mdogo wa Luanda huku huku Kenya magharibi, na kila dereva alipowasha, sauti ya mwanamke ilisema kwa adabu: ETC kaado ga sounyuu sarete imasen. Bila shaka msomaji ameisikia. Nilijifunza kwa sentensi hiyo moja kauli ya kutendwa, hali ya kukanusha, na mahali pa kiima, kwani inasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa kwenye kifaa. Nilipomfasiria dereva alisikitika.

"Mwalimu, tangu ninunue hii gari nilijua inanitakia safari njema," alisema.

Kutoka hapo niliingia katika yadi za magari. Nilikuwa nikienda Jumamosi, nikijifanya mnunuzi, nikafungua milango na kusoma vibandiko. Kile cha ukaguzi kwenye kioo cha mbele huandikwa mwaka kwa enzi za wafalme wao, kwa hiyo Heisei 26 unaijumlisha na 1988 upate 2014, na enzi ya Reiwa inaanza kuhesabiwa 2019. Maelezo ya upepo wa magurudumu yalinipa kanji za mbele na nyuma. Kifuniko cha tangi la mafuta kilinipa katakana. Hata magari ya abiria yaliyokuwa ya shule za chekechea na nyumba za wazee yalikuja na majina yake ubavuni, na nilisimama kando ya barabara nikiyanakili huku makanga wakidhani mimi ni wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani.

Lakini kibandiko nilichokipenda kuliko vyote ni kile kidogo kinachobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva na fundi wa Japani baada ya kubadilisha oili, ambacho huonyesha tarehe na kilomita gari lilizokuwa limekwenda siku hiyo. Siku moja katika yadi moja mjini nilikuwa nimechuchumaa mlangoni nikisoma kibandiko cha namna hiyo, na mzee mmoja aliyekuwa karibu kulinunua gari hilo akaniuliza ninatazama nini. Nikamsomea: oili ilibadilishwa likiwa na kilomita zaidi ya 118,000. Mzee akainama akatazama dashibodi, ambayo ilisema 76,000. Muuzaji alianza kueleza kwamba huenda mlango ulitoka gari jingine. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akarudisha kitita cha fedha ndani ya koti. Kuanzia wiki hiyo nilikuwa nikipigiwa simu na watu nisiowajua, nikaenda nao kutazama magari, nikalipwa chai na nauli, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Wauzaji walianza kuvibandua vibandiko kabla sijafika, nami nikamwomba kijana wa kuosha magari aniwekee vile vilivyobanduliwa. Nilivigandisha kwenye daftari, na daftari hilo lilinifunza kanji nyingi kuliko kitabu chochote nilichokinunua.

Mtihani wa JLPT, ule wa kimataifa wa kupima ujuzi wa Kijapani, kwetu hufanyiwa Nairobi mwezi wa Desemba. Una ngazi 5, kuanzia N5 iliyo rahisi hadi N1, na hauna sehemu ya kuandika wala ya kuzungumza, ni kuchagua majibu tu. Aliyezoea KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, asiogope umbo lake, aogope kasi ya sehemu ya kusikiliza, kwa maana kanda haisubiri mtu. N5 hupitwa kwa alama 80 kati ya 180, ilimradi usianguke katika sehemu yoyote. Nilifanya N4 moja kwa moja, ingawa nilikuwa nimekatazwa, na nikaipita. Cheti hicho hakikuwa sharti la udhamini, lakini barazani mwa ubalozi pale Upper Hill kilinisemea kabla sijafungua mdomo.

Fomu, barua ya mkuu wa kitivo na matokeo ya chuo yaliyothibitishwa sina haja ya kuyaeleza. Kila mtu anajua mihuri inavyotafutwa. Kwenye mtihani wa mchujo tulipewa karatasi ya Kiingereza na ya Kijapani. Katika mahojiano niliulizwa swali moja lililonifurahisha, kwa nini Mkenya asisome jambo hili hapa hapa nyumbani, nami nikawaeleza juu ya samaki. Nilieleza pia kuhusu omena, yaani dagaa wa ziwani, ambao hakuna awahesabuye bali hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, na mmoja wa waliokuwa mezani akaanza kuandika.

Wengi hudhani ukipita mchujo wa ubalozi kazi imekwisha. Inabaki kutafuta profesa atakayekubali kukusimamia na chuo kitakachokupa barua ya kukukubali kwa masharti, na hilo ni jukumu lako, tena muda wake ni mfupi. Wenzangu waliandika barua moja wakaituma kwa maprofesa wengi wasiowajua, nao hawakujibiwa. Mimi niliwaza hivi: ni chuo gani Japani chenye watu wanaokijua Kiswahili kiasi cha kuelewa kichekesho cha samaki? Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili, urithi wa chuo cha lugha za kigeni kilichounganishwa nacho mwaka 2007. Nikaandika kwa Kijapani changu cha N4, aya tatu fupi, na chini yake nikaandika mpango wote kwa Kiswahili sanifu bila kuomba radhi. Jibu lilikuja kwa Kiswahili, lenye sahihisho la kosa langu moja la Kijapani na swali juu ya dagaa.

Nilipofika Osaka niliwekwa katika mafunzo ya lugha ya kila siku, asubuhi hadi alasiri, na hapo ndipo nilipojua kwamba vibandiko vya magari vina mipaka. Niliweza kusoma oili, breki na ukaguzi, lakini sikuweza kusoma fomu ya bima ya afya. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136, na mwalimu wetu alitupa jaribio kila asubuhi, hata siku ya theluji. Posho yangu ilikuwa yeni 143,000 kwa mwezi nilipokuwa mwanafunzi wa utafiti, nayo ilipanda hadi 144,000 nilipoingia uzamili. Inatosha mtu asiyekula mikahawani, na hubaki kidogo cha kumtumia mama.

Mtihani wa kuingia uzamili uliandikwa kwa mkono. Nilikuwa nimeonywa kwamba mgeni aliyezoea kuandika kwa simu husahau mistari ya kanji akishika kalamu, na onyo hili moja lilikuwa la kweli, kwa hiyo kwa miezi nilikuwa nikiandika insha nzima kila usiku na kumpa mlinzi wa bweni azisome, mzee mstaafu aliyependa kuniwekea alama kwa kalamu nyekundu. Swali la mahojiano lilikuwa juu ya mipaka ya utafiti wangu. Nilipita, ombi la kurefusha udhamini likakubaliwa, na kwa sasa ninaandika sura ya pili ya tasnifu, inayohusu samaki wa kukaushwa, ambao wauzaji wa hapa huwahesabu kwa namna ambazo vitabu vya sarufi havijazitaja.