Oili Haijapotea, Imekaa Kwenye Bomba

Mwenye friza akikupigia simu kukwambia kompresa (kifaa kinachobana gesi ya ubaridi) "imekula oili", shika jambo moja kabla hujafungua boksi la vifaa: kompresa haili oili. Injini ya gari inaweza kuunguza oili ikatoka moshi, lakini mtambo wa ubaridi umefungwa pande zote. Kama hakuna ulowevu wa mafuta kwenye maungio wala chini ya mashine, basi oili yote iliyowahi kutiwa bado imo humo humo. Kinachotafutwa ni mahali ilipokaa, na kilichoizuia kurudi.

Nalisemea hili kwa uchungu kwa sababu mtindo uliozoeleka hapa Dar ni mwingine. Kioo cha oili, kidirisha cha kompresa kinachoonyesha kimo chake, kikionyesha chini, fundi anatia nusu lita, kioo kinapanda, analipwa, anaondoka. Kikishuka tena anaitwa tena, anatia tena. Hapo anaandaa kifo cha kompresa, na mwenye mali anakilipia kwa awamu.

Kompresa ikibana gesi, oili kidogo huondoka nayo kama ukungu. Hilo ni la kawaida, haliepukiki. Kwenye kondensa, pale gesi inapopozwa ikawa kimiminika, na kwenye bomba la kimiminika, oili inayopatana na gesi yake husafiri bila tabu kwa sababu imechanganyika nayo. Tabu inaanzia kwenye evapareta, ile koili ya baridi ndani ya friza. Pale gesi inachemka na kuwa mvuke, oili haichemki. Inaachwa peke yake, na kwenye baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri inakuwa nzito kama uji wa ulezi uliopoa. Kuanzia hapo hakuna pampu ya kuirudisha. Inasukumwa na kasi ya mvuke tu. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba kwenye bomba lililolala mvuke uende walau mita 2.5 kwa sekunde, na kwenye bomba linalopanda walau mita 5. Kwa friza, mimi sipendi kukaa kwenye kiwango hicho cha chini, napenda zaidi.

Sasa nieleze kazi moja ya Kariakoo. Friza ya samaki na kuku iko chini, mashine iko juu ya paa la ghorofa tatu. Mwenye duka ni mama mtu mzima, na aliniambia kabla sijauliza kitu: "Mwanangu, hii ni kompresa ya pili, na dalili ni zile zile. Kama ni jengo ndilo baya, niambie nihame."

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Kabla ya jengo, nieleze kwanza mashine iliyokuwepo zamani."

"Marahaba. Ilikuwa kubwa, ya hosipawa tano, ya ile gesi ya zamani. Walioleta hii wakasema ya hosipawa tatu inatosha, na umeme itakula kidogo."

Hapo nikawa nimeshapata nusu ya jibu. Ile ya zamani ilitumia gesi ya R22. Mpya ni ya gesi ya R404A, ndogo zaidi, na imefungwa kwenye mabomba yale yale ya mashine kubwa. Bomba la kurudi, tunaloliita saksheni, lilikuwa la inchi 1 na 3/8, linapanda mita kama 11 hadi paani, na chini yake hakuna trapu, kipinda cha kukusanyia oili, hata moja. Nilipopiga hesabu kwa uwezo wa mashine ile na joto la friza, mvuke ulikuwa unapanda kwa chini ya mita 4 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo oili inapanda kidogo, inateleza ukutani, inarudi chini.

Lakini hesabu peke yake hainitoshi kukata bomba la mtu. Nilikaa kuangalia kioo mashine ikifanya kazi, kabla na baada ya difrosti, ule muda wa kuyeyusha barafu ya koili. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji hata geji. Barafu ikishayeyushwa, koili imepata joto, oili iliyogandia ndani inakuwa nyepesi. Mashine ikiwaka tena presha ya saksheni iko juu na mvuke ni mwingi, hivyo kioo kinapanda. Friza ikishaingia baridi yake, kioo kinaanza kushuka taratibu. Ukiona hivyo, oili haijavuja. Imekaa kwenye koili na kwenye bomba, inasubiri nguvu ya kuibeba.

Nikaomba kuiona kompresa ya kwanza ya mashine hii mpya, ile iliyokufa, ilikuwa bado stoo. Nilipofungua kichwa, vibati vya valvu vilikuwa vimevunjika, ila bearingi zilikuwa safi bila mkwaruzo. Kompresa iliyokufa kwa kukosa oili huonyesha bearingi zilizolika. Ile ilipigwa na kimiminika, na kompresa kazi yake ni kubana mvuke; kimiminika hakibaniki. Supahiti (nyuzi ambazo mvuke umezidi joto la kuchemka) niliyopima kwenye mashine mpya ilikuwa sawa, hivyo sikuishuku gesi mbichi, yaani ambayo haijawa mvuke, kurudi. Nilishuku oili yote ile iliyoongezwa na mafundi waliopita, ikakusanyika kwenye bomba, halafu ikarudi kwa mkupuo. Ndiyo maana naogopa kopo la oili kwenye mkono wenye haraka.

Tuliondoa bomba linalopanda tukaweka la inchi 7/8, likiwa na trapu chini, nyingine katikati, na juu kabisa likapinda kama bakora ili oili iliyokwisha kufika isirudi. Sehemu za kulala tukaweka 1 na 1/8, zikiteremka kuelekea kompresa kama sentimita moja kwa kila mita mbili. Paani bomba la zamani lilikuwa limelegea katikati ya vishikizo, limefanya tumbo, na tumbo hilo peke yake ni bwawa la oili.

Kulikuwa pia na mabaki ya oili ya madini kutoka enzi za R22. Oili hiyo haichanganyiki na R404A, ambayo inataka oili ya kutengenezwa iitwayo POE. Tulisafisha mabomba, tukamwaga, tukatia POE mpya, tukabadilisha na draya, chujio la kunyonya unyevu, lengo likiwa oili ya zamani isizidi asilimia 5. Na POE inanyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Kwa hewa yetu ya pwani, kopo lililofunguliwa na kubaki silirudishi kwenye gari kwa kazi nyingine. Vakyumu, yaani kunyonya hewa yote ya ndani kwa pampu, nayo haiutoi kwa urahisi unyevu ulioingia ndani ya POE.

Kesi za namna hii zitaongezeka. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za kundi la R22 kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na zifike asilimia 97.5 ifikapo 2030. Mashine nyingi za zamani zitang'olewa, na wengi watataka kubakiza mabomba ili kuokoa hela ya mabomba ya shaba. Pima kwanza.

Si kila mara kosa ni bomba. Gesi ikipungua, mvuke unapungua na oili inabaki nyuma. Feni ya evapareta ikisimama, au koili ikijaa barafu, ni vile vile. Umeme wa kuja na kuondoka ni adui mkubwa pia: kila mashine inapowaka inatupa oili nyingi, na ikizimwa baada ya dakika chache haijapata muda wa kuirudisha. Kwenye mtambo wenye separeta, kifaa cha kutenga oili na gesi, shika bomba lake la kurudishia oili. Likiwa na joto la kuja na kutulia, boya la ndani ya separeta, linalofungua na kufunga njia ya oili, linafanya kazi. Likiwa moto muda wote, boya limekwama wazi. Likiwa baridi siku nzima, limeziba au limekwama limefunga.

Kwa wenye maduka, nawaomba kitu kimoja. Bandikeni karatasi ndani ya mlango wa paneli ya umeme, fundi aandike aina ya gesi, aina ya oili, na kiasi alichotia au kumwaga, na tarehe. Na wewe fundi ukiikuta karatasi hiyo imejaa "nimeongeza" bila "nimemwaga" hata moja, acha kopo kwenye gari, panda na futi kamba ukapime bomba.